Upande wa Ukutani

Gari la Mama lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, na kila asubuhi lilihakikisha hatusahau. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa masharti: uunyanyue kidogo, uuvute, kisha uubembeleze. Kioo cha dirisha la mbele kilisimama kwa msaada wa kipande cha mbao ambacho Baba alikichomeka kabla hajaenda kufanya kazi ya ujenzi mbali na nyumbani. Injini ilikohoa mara mbili, ikafikiri kwanza, ndipo ikakubali kuwaka. Lakini Mama hakuruhusu mtu alicheke.

"Hili ndilo linalotulisha," alisema. "Anayetaka kulicheka ashuke atembee."

Na kweli lilitulisha. Mama alikuwa mshona mapazia. Kila siku alijaza nyuma ya gari majora ya vitambaa, fimbo za mapazia na kopo la pini, akanishusha mimi shuleni na mdogo wangu chekechea, kisha akaenda kwa wateja kupima madirisha. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano na wote tulimwita Bosi, kwa sababu akishakaa kwenye kiti chake cha nyuma, upande wa kulia, na kufungwa mkanda, alipaza sauti: "Dereva, ondoa gari!" Mimi, pamoja na miaka yangu kumi na miwili, niliitwa Kiroboto. Nilikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuruka, na kwenye uwanja wa mpira wa pete jina hilo lilikuwa sifa kubwa.

Udogo huo ndio ulionipa kazi. Gari la zamani huliwa na kutu kuanzia chini, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Matope hunata huko, unyevu hukaa ndani ya matope, na bati huanza kumomonyoka polepole. Kila mwaka kabla ya mvua, Baba alilala chini ya gari akalisafisha na kulipaka dawa ya kulikinga. Mwaka ule hakuwepo, na mgongo wa Mama, kwa miaka ya kuinamia cherehani, haukumruhusu kulala sakafuni.

"Nitafanya mimi," nilisema, nikajiona mtu mzima kabisa.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Hodi, fundi wa bodi za magari mwenye karakana mtaa wa pili. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya kinyundo chake kidogo. Gari lolote alilolizunguka alilibisha hodi, ngo, ngo, ngo, kisha akatega sikio. Alisema bati zima huitika kwa mlio mkali, lakini bati lililooza huitika kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Jumamosi moja alikuja nyumbani na jeki, akaliinua gari, akaliweka juu ya stendi nne za chuma, kisha akalisukuma kwa bega kuhakikisha halitikisiki. "Ukimkuta mtu amelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake," aliniambia, "mvute miguu atoke kwanza, ndipo umsalimie."

Alinivalisha miwani ya plastiki na kunifunga kitambaa puani. Matope tulikuwa tumeshayaosha kwa mpira wa maji siku mbili kabla, na gari lilikuwa limekauka.

"Sasa sikiliza, binti," alisema. "Kwanza unakwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae. Pili, unapaka rangi hii nyekundu, inazuia kutu. Ikishakauka, unapaka lami hii nyeusi juu yake. Usipake lami juu ya kutu. Ukifanya hivyo, umeifunika blanketi, nayo itaendelea kula humo ndani kwa raha zake."

Kisha akatoa mfukoni vijiti kumi vya mbao, vifupi kama kidole changu cha mwisho. Akanionyesha kwamba chini ya milango, kila upande wa gari, kuna bati lililokunjwa likawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Mafundi huliita boksi. Maji ya mvua yanayopenya kwenye milango huingia humo, na hutoka kwa vitundu vitano vilivyo chini yake.

"Lami ikiziba vitundu hivi, maji yatakosa pa kutokea," alisema. "Kwa hiyo unachomeka vijiti kabla ya kupaka, ukimaliza unavichomoa. Jioni nataka vijiti vyangu vyote kumi, vikiwa na vichwa vyeusi. Hapo nitajua umefanya kazi."

Akaenda zake karakana. Mama alibaki barazani akishona, akinitupia jicho mara kwa mara.

Nilianza na upande unaotazama uani. Jua liliingia mpaka chini, niliona kila kitu, na brashi ililia kwa ukali mikononi mwangu. Nilikwangua, nikapangusa, nikachomeka vijiti vitano, nikapaka nyekundu. Nilingoja saa mbili ikakauka, nikapaka nyeusi, nikachomoa vijiti. Upande huo ulipendeza hadi nikatamani gari litembee kichwa chini ili watu wauone.

Upande wa pili ndio ulionishinda. Ua wetu ulikuwa mwembamba, na gari lilisimama karibu na ukuta, nafasi ya shubiri mbili tu. Nilipojisukuma chini upande ule, mwanga ulikatika. Kiwiko kimoja kiligonga ukuta, cha pili kiligonga gurudumu. Bati lilikuwa karibu kugusa pua yangu, na vumbi la kutu lilinimwagikia kwenye miwani. Ghafla nikahisi gari lote linanilalia. Nilijua liko juu ya stendi, nilimwona fundi akilisukuma kwa bega, lakini moyo wangu haukutaka kusikia. Pumzi ilinikatika. Nikajiburuta nje kwa visigino, nikakaa nimeegemea ukuta.

Ningeweza kumwita Mama. Alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Lakini nilikuwa nimeshajitangaza mtu mzima, na mtu mzima gani anaogopa chini ya gari? Kabla sijaamua, wenzangu wa mpira wa pete walifika getini wakiwa wamevaa sare.

"Kiroboto! Mechi saa tisa! Tunakungoja wewe tu!"

Basi nikafanya nilichofanya. Nilichukua brashi ya lami, nikalala ubavu pembeni ya gari bila kuingiza kichwa, nikanyoosha mkono na kupaka mahali popote ulipofika. Sikukwangua. Sikupaka rangi nyekundu. Mahali fulani, chini ya kiti cha Bosi, niliona ganda la kutu kubwa kama kiganja, limejikunja kama gome kavu la mti. Nililibonyeza kwa brashi likalala, nikalifunika kwa lami. Vitundu vyote vitano vikazibwa. Nilipomaliza nikaviona vile vijiti vitano vilivyobaki, vyeupe, visafi. Nikavichukua kimoja kimoja nikachovya vichwa vyake ndani ya kopo la lami.

Jioni Fundi Hodi alihesabu vijiti kwenye kiganja chake. Kumi. Akachungulia upande wa uani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umekwangua kote?"

"Kote," nilijibu.

"Mama Kiroboto," akaita barazani, "huyu mtoto ataninyang'anya kazi!" Mama akacheka, na kuanzia siku ile kila mteja wake alisikia habari za binti yake aliyelikinga gari zima dhidi ya kutu kwa mikono yake miwili. Sifa zile zilinichoma kuliko matusi.

Mvua zilikuja, nazo zilikuja kweli kweli. Wiki ya tatu, gari lilianza kunuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni. Wiki ya tano, kila Mama alipokanyaga breki, tulisikia sauti chini upande wa kulia: chubwi.

"Mama, gari limekunywa maji," alisema Bosi.

"Ni chupa yako imeanguka chini ya kiti," alijibu Mama.

Mimi peke yangu nilijua kwamba mtoto amesema kweli. Maji yalikuwa yamejaa kwenye boksi, yanakwenda mbele na kurudi nyuma, yakitafuta vitundu nilivyoviziba. Siku hiyo baada ya masomo, Mama alipoingia kwa mteja, niliinua zulia la mpira lililokuwa miguuni pa Bosi. Sakafu ilikuwa imelowa. Niliibonyeza kwa kisigino, nayo ikabonyea. Chuma hakipaswi kubonyea. Nilirudisha zulia haraka na kukaa nikitazama nje, masikio yakiniwaka moto.

Kuanzia hapo nilikuwa mfungwa wa kiti kile. Nilimwomba Bosi tubadilishane nafasi. Alinikazia macho akajua kuna biashara. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi nimpigie saluti na kumwambia, "Shikamoo, Bosi Mkuu." Nilimpigia saluti kwa wiki nne mfululizo. Nilisafiri miguu ikiwa imening'inia hewani, magoti kifuani, nikihesabu mashimo ya barabara. Kila tuliporuka shimo nilishika mlango kwa mikono yote miwili.

"Mbona unakaa kama kuku anayeatamia?" aliuliza Mama akiniona kwenye kioo.

"Miguu inaniuma, Mama. Mazoezi."

Siku nyingine nilichukua sinia kubwa la bati kutoka jikoni, nikalilaza chini ya zulia ili lishikilie sakafu. Mama alilitafuta siku tatu. Alitafuta kabatini, uvunguni, hata kwa jirani yetu muuguzi. "Kiroboto, hukuliona sinia langu?" "Sijaliona, Mama." Nilikuwa nautafutia uongo wa kwanza mwenzake wa kukaa naye.

Mara nyingi nilitaka kusema. Nilifika mpaka mlangoni mwa chumba cha kushonea, nikafungua kinywa, na kila mara jambo fulani lilinifunga. Mara Mama alikuwa na pini midomoni. Mara alikuwa anaongea na Baba kwa simu, akimwambia, "Wala usiwe na wasiwasi na gari, binti yako amelishughulikia." Baba akaomba kuzungumza nami. Alinipongeza mpaka nikashindwa kujibu, akadhani mtandao umekatika.

Halafu Mama akapata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Hoteli ndogo katika mji ulio mwendo wa saa tatu ilimwagiza mapazia ya vyumba kumi na vinne. Alishona mwezi mzima. Alikuwa aende Alhamisi kuyatundika, na abebe cherehani yake ya chuma ili amalizie mapindo hukohuko. Mimi nilikuwa na mitihani, kwa hiyo ningebaki kwa jirani muuguzi. Chekechea kulikuwa kumefungwa, kwa hiyo Bosi angeenda naye.

"Bosi atakaa kwenye kiti chake," alisema Mama akipanga mizigo Jumatano alasiri, "na cherehani nitaiweka hapa chini, mbele ya miguu yake. Ndipo penye nafasi."

Nilitazama alipoonyesha kidole. Cherehani ile ilihitaji watu wawili kuibeba. Niliwaza juu yake, na juu ya mdogo wangu, na juu ya sinia jembamba la jikoni, na juu ya barabara kuu ambako magari hayapunguzi mwendo. Sikula siku ile. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na bado sikusema. Badala yake nilipata wazo jingine la kipumbavu.

Alhamisi asubuhi, Mama alipokuwa anaoga, nilichukua ufunguo wa gari mezani nikauficha ndani ya soksi yangu.

"Ufunguo uko wapi?" Mama alitoka akiwa amevaa vizuri, mkoba begani. "Niliuacha hapa mezani. Kiroboto, umeuona?"

"Hapana, Mama."

Tulitafuta chini ya viti, ndani ya mapazia yaliyokunjwa, jikoni, bafuni. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu kilichokuwa kinanikwaruza kifundo cha mguu. Mama alitazama saa. Wenye hoteli walikuwa wanamngoja.

"Bosi! Umechezea ufunguo?"

"Hapana."

"Juzi uliutia kwenye kikombe cha maji ukasema unauogesha."

"Juzi ni juzi, Mama. Leo si juzi."

"Usinijibu hivyo. Simama hapo kwenye korido mpaka ukumbuke ulipouweka."

Bosi akaenda kusimama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya safari, nywele zimechanwa vizuri, na mkoba mdogo mgongoni wenye chakula alichojifungashia mwenyewe. Alisimama amekunja uso, anafikiri kwa bidii. Dakika zikapita. Mama akapindua mto wa mwisho. Kisha tukasikia sauti ndogo kutoka kwenye korido.

"Mama... labda ni mimi. Labda nimeuchukua, nimesahau tu. Samahani, Mama."

Alikuwa analia kimyakimya. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amejitafuta kichwani mwake, hakukuta kosa, akaamua kulikubali hivyohivyo. Nimewahi kuogopa mambo mengi, lakini sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile.

Nikainama, nikavua soksi, nikautoa ufunguo nikauweka mezani.

"Ni mimi," nilisema. "Bosi hakufanya kitu."

Mama alinitazama, akautazama ufunguo. "Kwa nini?"

"Asikae pale. Tafadhali, Mama, asikae kwenye kile kiti. Sakafu imeoza. Upande wa ukutani sikukwangua. Nilipaka lami juu ya kutu, nikaziba vitundu, nikavichovya vijiti kwenye kopo ili Fundi aone vyeusi. Na sinia lako liko ndani ya gari, chini ya zulia."

Yote yalitoka bila mpango, la mwisho mbele, la kwanza nyuma, huku nikilia. Nilitarajia Mama angefoka. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa, mkoba ukiwa bado begani.

Bosi alisogea kutoka kwenye korido akijifuta pua kwa mkono wa shati. "Kwa hiyo mimi sikuuchukua?"

"Hukuuchukua," nilisema.

"Ndiyo maana nilikuwa sikumbuki."

Mama akamvuta, akampakata, akamwomba radhi kwa kumdhania vibaya. Kisha akachukua simu akampigia Fundi Hodi.

Fundi alifika na kinyundo chake kabla ya saa tatu. Aligonga upande wa uani, na bati likaitika ngo, ngo, safi. Akapita kwa tabu kati ya gari na ukuta, akagonga boksi la upande wa pili. Pu. Akagonga tena. Pu. Akachukua bisibisi akaisukuma, nayo ikazama mpaka kwenye mpini bila kupingwa. Alipoichomoa, maji ya kahawia yakamwagika kwenye viatu vyake, yakaendelea kutoka kwa muda mrefu. Akafungua mlango wa nyuma, akainua zulia.

"Hili nalo bati la gari gani?"

"La jikoni kwangu," alisema Mama.

Siku nyingine tungecheka mpaka kulia. Siku ile hakuna aliyecheka. Fundi aliliondoa sinia, tukaona ardhi ya uani kupitia sakafu ya gari. Akashika kiti cha Bosi akakitikisa kidogo, kikacheza kama jino bovu.

"Boliti za kiti hiki zimeshikwa na kutu tupu," alisema taratibu. "Mama Kiroboto, mngeweka cherehani hapa, mkafunga breki kali huko barabarani..." Hakumalizia. Alimtazama Bosi aliyekuwa anachungulia lile tundu kwa furaha, akanigeukia mimi. "Upande ule umeufanya vizuri mno. Huu ulikuwaje?"

"Kulikuwa na giza," nilisema. "Niliogopa. Nilihisi gari linanilalia, pumzi ikakatika. Niliona aibu kusema."

Fundi Hodi aliutazama ukuta, akalitazama gari, akalitazama geti.

"Ulikuwa unaogopa upande wa ukutani?"

"Ndiyo, Fundi."

"Binti yangu, gari lina magurudumu manne. Tungelitoa mpaka nje ya geti, tukaligeuza, likaingia kinyumenyume. Upande wa ukutani ungekuwa upande wa uani. Ni kazi ya dakika tano."

Sikuwa nimewaza hivyo hata mara moja. Miezi mitatu ya hofu, saluti na magoti kifuani, na dawa yake ilikuwa dakika tano na neno moja kwa Mama. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikalia upya.

"Na mimi nina kosa," fundi aliendelea, akimwambia Mama. "Nilihesabu vijiti, sikulala chini kuangalia. Fundi anayekagua vijiti badala ya bati hajakagua kitu. Na ile kutu angeniambia siku ile, ningeiziba kwa kiraka siku hiyohiyo. Tusimwachie mtoto lawama zote peke yake."

Mama alipiga simu hotelini akaeleza ukweli. Hawakufurahi, lakini walikubali. Siku iliyofuata aliondoka kwa basi na Bosi, mapazia na cherehani, na vyumba vyote kumi na vinne vilipata mapazia yake, kwa kuchelewa siku moja. Mimi nilifanya mitihani nikiwa na macho mekundu. Fundi Hodi alilivuta gari hadi karakana, akakata bati lote lililooza, akachomelea jipya, akafunga kiti kwa boliti mpya.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kulikinga, sehemu ya zamani na mpya pamoja, na niliomba niifanye mimi. Mama alifikiri siku mbili nzima. Kisha akasema, "Sawa. Lakini nitakuwepo." Mdogo wangu naye nilimwomba msamaha rasmi. Alinisamehe kwa sharti kwamba saluti ziendelee mpaka mwisho wa muhula.

Jumamosi hiyo gari lilisimama katikati ya karakana, juu ya stendi, ukuta ukiwa mbali kila upande. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Fundi Hodi alikuwa kwenye benchi lake, karibu nasi. Nilikwangua asubuhi nzima. Mikono iliuma, shingo ilikakamaa, na kila nilipohisi kifua kinabana nilitoka nje, nikanywa maji, nikarudi. Hakuna aliyenicheka.

Saa sita, Fundi Hodi akauliza kama alivyoniuliza mara ya kwanza: "Umekwangua kote?"

Neno lilinijia ulimini, lilelile la zamani, jepesi. Nililimeza. Brashi ikasimama mkononi mwangu. Mama alielewa. Akainuka kwenye ndoo, akaja kuchuchumaa karibu na gurudumu, nikaona uso wake umeinama.

"Kiroboto, sikiliza nikuambie jambo moja, ukue nalo," alisema. "Mimi sikukasirika kwa sababu ya bati. Bati linachomelewa. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Ukiogopa, sema unaogopa, hata kama unaona aibu, maana aibu inapita. Ukisema, mtu atakuja akusaidie. Ukinyamaza na kufunika, mtu atakuamini, atakuja kukaa juu ya uongo wako akidhani ni sakafu."

Nilitazama bati lililokuwa linang'aa juu ya uso wangu, kisha nikatazama kule nyuma ambako mwanga ulikuwa haufiki.

"Mama," nilisema, "pale nyuma ya gurudumu bado. Kuna giza, na naogopa."

"Nimesikia," alisema Mama, akasogeza taa.